Mkutano, nyumba kwa nyumba au kikundi cha wazazi: njia ipi itaifanya jamii iiamini elimu jumuishi?

Shule nyingi za msingi hapa Tanzania huanza elimu jumuishi, yaani watoto wenye ulemavu kusoma darasa moja na wenzao, kwa barua. Barua inatoka halmashauri, mwalimu mkuu anawasomea wenzake, kamati ya shule inaitwa, na swali la kwanza linakuwa: wananchi tutawaambiaje? Mmoja anataka mkutano. Mwingine anataka walimu wapite majumbani. Wa tatu anakumbuka kwamba pale mtaani kuna akina mama wawili watatu wenye watoto wenye ulemavu, kwa nini tusianze nao? Wote wana hoja. Lakini fedha ya kufanya yote kwa mpigo haipo, na njia isiyofaa ikitangulia huziharibia zile zinazofuata.

Ulinganisho huu ni kwa ajili yao: kamati za shule, walimu wakuu, maofisa elimu kata, na mzazi yeyote aliyepewa jukumu la kuhamasisha. Mifano yangu mingi ni ya Bara. Zanzibar, ambako wenyewe husema elimu mjumuisho, nitaigusa kwenye suala la wazazi kwa sababu walitutangulia.

Kwanza, nani hasa haamini?

Kauli ya "jamii haina mwamko" huwa inawachanganya watu watatu wenye hofu tatu tofauti.

Wa kwanza ni mzazi wa mtoto mwenye ulemavu. Huyu hakosi mwamko. Anaogopa mambo yanayoonekana kwa macho: nani atamsaidia mtoto chooni, nani atamvusha barabara penye bodaboda, watoto wenzake watamwitaje, mwalimu atamkumbuka au atakaa nyuma ya darasa mpaka kengele ya kurudi nyumbani. Kanda ya Ziwa, mzazi wa mtoto mwenye ualbino ana hofu inayozimeza hizo zote. Mashambulizi na mauaji yaliyoshika kasi kuanzia miaka ya 2006 na 2007 yalifanya watoto wengi wahamishiwe kwenye shule na vituo vya bweni: Kabanga huko Kasulu, Mitindo huko Misungwi, Buhangija mjini Shinyanga. Mzazi aliyekubali kutengana na mwanawe ili mtoto abaki hai hawezi kuambiwa kirahisi tu kwamba siku hizi hali ni shwari, mlete asome hapa kijijini.

Wa pili ni mzazi wa mtoto asiye na ulemavu. Huyu anahesabu madawati. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 uandikishaji ulipanda sana, na uwiano unaotakiwa wa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 shule nyingi zinausoma tu kwenye mwongozo. Anajiuliza kama mwalimu aliyekwisha zidiwa atapunguza mwendo kwa ajili ya mtoto mmoja, na wa kwake aachwe. Wengine wanaogopa maradhi. Bado wapo wanaoamini kifafa kinaambukiza kupitia povu la mgonjwa, na mtoto akianguka darasani wenzake hukimbia badala ya kumlaza kiubavu. Kifafa hakiambukizi kwa namna yoyote ile, lakini mwenye hofu haondolewi hofu kwa sentensi moja.

Wa tatu, ambaye hatajwi kwenye vikao, ni mwalimu mwenyewe. Hajui lugha ya alama, hajui nukta nundu, maandishi ya wasioona, na anajua shule yake itapimwa kwa matokeo ya darasa la saba. Akiwa haamini, wazazi watalisoma hilo usoni pake siku ya kwanza ya kuandikisha.

Njia unayochagua itategemea ni nani kati ya hawa watatu anayekukwamisha zaidi.

Mkutano wa hadhara

Faida yake kubwa ni kwamba haukugharimu chochote. Mkutano mkuu wa kijiji upo kisheria kila baada ya miezi mitatu, unachohitaji ni kuomba nafasi kwenye ajenda. Kwa Kenya, baraza la chifu linafanya kazi hiyohiyo. Ujumbe unafika kwa watu mia mbili kwa saa moja, tena ukiwa na uzito wa serikali: mwenyekiti yupo, mtendaji yupo, muhtasari unaandikwa.

Kwa hiyo mkutano unafaa kutangaza jambo ambalo halina mjadala. Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu sawa na wenzake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Mwalimu mkuu hana ruhusa ya kumrudisha mtoto getini. Ni vizuri mzazi wa aina ya pili, yule wa madawati, aisikie kauli hiyo mbele ya wenzake ili asije akadhani ni utashi wa mwalimu fulani anayeweza kushinikizwa.

Lakini mkutano ni mahali pabaya pa kumtafuta mtoto. Utasikia mtendaji akiuliza, "Nani hapa ana mtoto mwenye ulemavu nyumbani?" Kimya. Mama aliyekaa chini ya mwembe na mtoto wake amfungiaye ndani anatazama kanga yake. Pembeni yake yupo wifi yake, mbele yake yupo jirani waliyegombana juzi, na kuna watu wanaosema kwamba mtoto yule ni laana ya ukoo wa mumewe. Anyooshe mkono aseme nini? Mtendaji anaandika kwamba kijiji hakina watoto wa aina hiyo, na taarifa hiyo inakwenda wilayani ikiwa na muhuri.

Hatari nyingine ni ahadi. Jukwaa lina ulevi wake. Mtu akishapigiwa makofi hujikuta ameahidi baiskeli za magurudumu, mwalimu wa lugha ya alama na uji. Miezi sita baadaye hakuna kilichofika, na mkutano ujao unaanza na deni.

Nyumba kwa nyumba

Hii ndiyo njia ninayoipa uzito zaidi, na ndiyo inayochosha kuliko zote.

Mwalimu anayekwenda nyumbani anakwenda Jumamosi, siku yake ya mapumziko, labda kwa nauli yake. Kwa siku akijitahidi atamaliza kaya nane au kumi, maana huwezi kuingia kwa watu ukauliza swali na kuondoka. Utakaribishwa kigoda, utaulizwa habari za nyumbani, utaletewa maji. Ni katika maongezi hayo ambapo mama aliyesema ana watoto watatu anakumbuka kwamba wapo wanne.

Namna ya kuuliza ndiyo inayofungua au kufunga mlango. Ukiuliza "kuna mlemavu humu?", umeshamaliza ziara yako. Kuna seti fupi ya maswali ya Kundi la Washington, kundi la kimataifa la takwimu za ulemavu, inayotumika hata kwenye sensa za nchi mbalimbali, ambayo haitaji ulemavu hata mara moja. Ina maswali sita: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka na kuwa makini, kujihudumia, na kuwasiliana. Mzazi anaulizwa kama mtoto ana shida ya kuona hata akivaa miwani, kama ana shida ya kusikia, na kadhalika, na anajibu kwa ngazi nne: hana shida, ana shida kiasi, ana shida kubwa, hawezi kabisa. Kwa watoto ipo seti ndefu zaidi iliyoandaliwa pamoja na UNICEF mwaka 2016, moja kwa umri wa miaka 2 hadi 4 na nyingine kwa miaka 5 hadi 17. Mwalimu wa kawaida anaweza kuzitumia akielekezwa vizuri, mradi akumbuke kwamba hapimi ugonjwa. Anatafuta nani apelekwe kwa mtaalamu, na nani anahitaji kukaa dawati la mbele tu. Mara nyingi atagundua kwamba yule mwanafunzi "mzito" aliye tayari darasani hasikii vizuri sikio moja, na ugunduzi huo humbadilisha mwalimu kuliko semina.

Usiende peke yako. Mwenza bora ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa kuwa anazijua nyumba, amewahi kushika kadi za kliniki za watoto hao na kufika kwake hakumshtui mtu. Mtu wa chama cha watu wenye ulemavu anaweza kusindikiza pia, ila baadhi ya kaya zitadhani mmekuja kuorodhesha watu kwa ajili ya msaada, na ukishadhaniwa hivyo majibu yote yanageuka.

Hapa niseme jambo kuhusu orodha. Katika maeneo yaliyopata mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, daftari lenye majina ya watoto na nyumba zao ni kitu cha hatari. Lisibandikwe ofisini, lisisomwe kwenye kikao, lisipigwe picha likatumwa kwenye kundi la WhatsApp la walimu. Na mgeni asiyejulikana asipite akiuliza mtoto mwenye ualbino anaishi wapi, hata kama nia yake ni njema. Huko ni afadhali wafike watu wa Chama cha Watu wenye Ualbino wakiwa na muuguzi, mwalimu aje baadaye akitambulishwa nao.

Ziara ya kwanza huleta jina tu. Imani huanza ziara ya pili, mwalimu anaporudi na jibu la lile lililoulizwa. Mama aliuliza nani atambeba mtoto toka barabarani hadi darasani. Ukirudi useme: mwalimu fulani anafika saa moja kasoro robo, atampokea getini, na darasa lake tumelihamishia chumba kisicho na ngazi. Usiporudi, bora usingekwenda.

Na ziara huruhusu ukweli ambao mkutano haukuruhusu. Kuna mtoto ambaye shule yako haimfai kwa sasa. Mtoto kiziwi akiwekwa peke yake kati ya watoto sitini wasiojua hata ishara ya "njoo", na mwalimu asiyejua lugha ya alama, atakaa miaka saba akinakili ubao asiouelewa. Mwambie mzazi wazi kwamba Buguruni Viziwi ipo Dar es Salaam tangu 1974, Tabora kuna shule ya viziwi ya miaka ya sitini, na huenda wilaya jirani kuna kitengo chenye mwalimu wa elimu maalumu. Wapo watakaosema nasaliti ujumuishi kwa kusema hivyo. Mimi naona mzazi aliyeelekezwa kwa haki, hata kama ameelekezwa kwingine, ndiye atakayemwambia jirani yake kwamba shule ile haidanganyi watu.

Kikundi cha wazazi

Zanzibar walianzia hapa, na ndiyo maana kule jambo hili lina mizizi. Jumuiya yao ya watu wenye ulemavu wa akili, ZAPDD, ilianzishwa mwaka 1999, wazazi wakiwa ndio nguzo yake. Ilipofika miaka ya mwanzo ya 2000, Wizara ya Elimu ilipoanza kuingiza watoto hao kwenye shule za kawaida, ikishirikiana na jumuiya hiyo na wenzao wa Norway, NFU, ilikuta tayari kuna wazazi wanaojuana na waliokwisha acha kuficha. Wizara haikuwa mgeni anayebisha hodi.

Kikundi hakihitaji katiba wala akaunti kuanza. Kinahitaji akina mama watano, mahali pa kukaa, na jambo la kufanya. Jambo la kufanya ndilo muhimu, maana kikundi cha kukutana na kusikitika hakifiki mwezi wa tatu. Kinachofanya kazi ni zamu: leo mama huyu anawasindikiza watoto wote watano shuleni na kuwarudisha, kesho ni mwingine, na wale wanne waliobaki wanakwenda sokoni au shambani. Kwa mama ambaye kwa miaka sita hajatoka nyumbani bila mtoto mgongoni, asubuhi moja ya uhuru kwa wiki inashawishi kuliko hotuba.

Tena kikundi humfikia mwalimu. Mama mwenye mtoto mwenye mtindio wa ubongo akikaa darasani siku mbili akamwonyesha mwalimu jinsi ya kumkalisha mtoto ili mkono wake wa kuandikia uwe huru, na kwamba akigeuza macho juu maana yake ni ndiyo, mwalimu anapata ujuzi ambao chuo hakikumpa. Hofu yake inapungua kwa sababu sasa ana mtu wa kumuuliza.

Udhaifu wake ni mwendo. Usitegemee matokeo chini ya mwaka. Akina baba hawaji. Mara nyingi waliondoka mtoto alipozaliwa, au wapo lakini wanaona ni kazi ya wanawake. Watoto wengi wanalelewa na bibi, na bibi hawezi kutembea kilomita tatu kuja kikaoni, kwa hiyo mfuateni. Halafu kuna sumu ya posho. Mradi ukija ukawalipa waliohudhuria, siku ukiondoka kikundi kinaondoka nao. Afadhali chai na mihogo kutoka siku ya kwanza mpaka ya mwisho.

Ukikianzisha, kipeni mwakilishi kwenye kamati ya shule, mwenye sauti kamili. Bila hivyo, wazazi hao watabaki watu wa kuombewa huruma na kamati.

Siku ya wazi, na mashahidi wenye sauti zao

Mtu huamini alichokiona. Siku ya Mtoto wa Afrika ni 16 Juni. Siku ya Fimbo Nyeupe ni 15 Oktoba. Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu ni 3 Desemba, ingawa hiyo huangukia wakati wa kufunga shule. Mtoto asiyeona akisoma taarifa ya shule kwa nukta nundu mbele ya wazazi, vidole vikitembea juu ya karatasi isiyo na wino, baba wa madawati ana kitu cha kufikiria akirudi nyumbani. Sharti ni moja: mtoto afanye kitu anachokiweza, pamoja na wenzake. Asipandishwe jukwaani ili watu watoe sadaka.

Waalikeni watu wazima pia. Chama cha Wasioona, CHAVITA ya viziwi, Chama cha Watu wenye Ualbino, wote wana matawi mikoani chini ya shirikisho lao, SHIVYAWATA, na Zanzibar kuna shirikisho la SHIJUWAZA. Salum Barwany alipochaguliwa mbunge wa Lindi Mjini mwaka 2010, na Dk. Abdallah Possi alipoteuliwa naibu waziri mwaka 2015, wazazi wa watoto wenye ualbino walipata picha ya mtoto wao akiwa mtu mzima. Kwa kijiji, fundi cherehani kiziwi wa mji wa jirani anatosha kabisa, pengine kuliko mbunge, kwa kuwa watu watamkuta sokoni wiki ijayo.

Viongozi wa dini na redio za jamii nitawapitia kwa haraka. Imamu au mchungaji ana nguvu moja ambayo wengine hatuna: anaweza kuivunja hoja ya laana, na akiivunja imevunjika. Mfuateni kwa jambo hilo mahususi, msimpe hotuba nzima ya sera. Redio inafaa kukumbusha, hasa ikiwa na kipindi cha kupiga simu, ila mzazi hamleti mtoto shuleni kwa kusikia redio.

Ukiziweka bega kwa bega

Kwa fedha, mkutano ndio rahisi, kikundi kinafuata, ziara zinakula nauli na Jumamosi za walimu, siku ya wazi inakula zaidi kama mtaanza kuwaza turubai na wageni rasmi. Kwa haraka, mkutano unaongoza tena, ila kikundi kinarudi nyuma kabisa. Kwa kumpata mtoto aliyefichwa, mpangilio unageuka juu chini: ziara haina mpinzani, kikundi kinasaidia kwa sababu mama humjua mama mwenzake, mkutano hauleti kitu. Kwa kumtuliza mzazi wa darasa lililojaa, siku ya wazi inaushinda mkutano, na mkutano unazishinda ziara. Kwa kumgeuza mwalimu, kikundi, na kile anachokiona mwenyewe akitembelea nyumba.

Kwa hiyo shule ya kijijini yenye walimu wachache na mfuko mtupu ningeishauri ianze na ziara za kaya zilizo ndani ya nusu saa ya kutembea kutoka shuleni, basi. Mkiwapata watoto wanne, wazazi wao ndio kikundi. Mkutano wa kijiji uje robo inayofuata, mkiwa na watoto hao tayari darasani, na azungumze mzazi mmojawapo kabla ya mwalimu mkuu. Shule ya mjini, ambako watu hawajuani na ziara huzuiwa getini, ianze na kikundi kupitia kliniki na wodi za mazoezi ya viungo, maana wazazi wanakutana huko kila mwezi. Kanda ya Ziwa, ulinzi wa njiani upangwe na serikali ya kijiji kwanza, na hadi ukamilike msimwombe mzazi yeyote amrudishe mtoto kutoka bweni. Na shule ambayo tatizo lake ni walimu wenyewe isiende kwa wananchi kabisa muhula huu. Iwaite wazazi wawili wakakae na walimu.

Fedha ikija kushuka baadaye, msiipeleke kwenye fulana na mabango. Ianze na choo: mlango mpana, kishikio ukutani, njia isiyo na ngazi, maji karibu. Mama anayekuja kuikagua shule kabla ya kumwandikisha mwanawe huanza kuuliza choo kiko wapi.